Asumini si Yasmini Iliyoharibika

Malenga wenzangu, kuna neno dogo ambalo naliona likifukuzwa taratibu katika maandishi yetu, na wanaolifukuza ni watu wenye nia njema. Neno hilo ni asumini. Liandike siku hizi katika shairi, katika insha au katika orodha ya majina ya wanafunzi, na hatakosekana mjuzi wa kulipigia mstari mwekundu na kuandika kando yake: yasmini. Ukimwuliza sababu, atakuambia kwamba asumini ni matamshi ya watu wasiosoma, kwamba neno lenyewe ni la Kiarabu na halina budi kuandikwa kwa kulikaribia Kiarabu, na kwamba mwacha asili ni mtumwa.

Nakusudia kulitetea neno hilo. Sisemi kwamba yasmini ni kosa. Neno hilo lipo, lina watu wake, na wazazi wengi wamewapa binti zao. Ninachosema ni kwamba asumini ni neno kamili la Kiswahili, lililopatikana kwa kanuni wala si kwa ulegevu wa ulimi. Kwamba limebeba maana ambayo yasmini haijaibeba. Na kwamba mhariri anayelibadili ndani ya shairi la mtu analivunja shairi hilo, hata kama hakukusudia.

Asili ipi?

Tuanze na asili, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa kama fimbo. Asumini tuijuayo katika pwani yetu, ile nyeupe yenye harufu nzito inayofumbua jioni, huitwa na wataalamu wa mimea Jasminum sambac. Chimbuko lake si Uarabuni, bali ni India na nchi zilizo chini ya milima ya Himalaya. Ni ua lile lile ambalo Wafilipino huliita sampaguita na wamelifanya ua la taifa lao, na ambalo Waindonesia huliita melati na kulipa heshima hiyo hiyo.

Jina nalo si la Kiarabu kwa kuzaliwa. Waarabu walilipata kwa Waajemi, ambao tangu zama za kale walilitamka yasaman au yasamin, na ambao hata leo hulifupisha wakasema yas. Kutoka huko jina lilisafiri pande zote za dunia, na kila lilipofika lilivishwa nguo za mwenyeji. Waarabu wakasema yasamin, na katika mazungumzo ya kila siku wakaidondosha irabu ya kati, likawa yasmin. Wahispania wakasema jazmín, Wafaransa jasmin, Waingereza jasmine. Wachina wa kale waliliandika kwa sauti zao wenyewe, yeximing. Sijapata kumsikia Mfaransa akilaumiwa kwa kutamka «zh» mahali ambapo Mwajemi alitamka «y». Lawama ya namna hiyo imehifadhiwa kwa ajili ya Mswahili peke yake.

Ndiyo maana nauliza: mwacha asili ni mtumwa, sawa, lakini asili ipi? Kama ni lazima turudi nyuma, kwa nini tushukie kituo cha Kiarabu na tusiendelee hadi Uajemi? Na tukifika Uajemi, mti wenyewe utatuambia kwamba kwao si hapo, kwao ni mashariki zaidi. Anayetafuta asili kwa namna hii ni kama anayefuata mto kwenda juu akidhani kwamba kuna mahali ambapo maji huanza kuwa maji.

Lichukueni waridi, ndugu yake asumini. Hilo nalo hatukulipokea kama tulivyolikuta. Waarabu husema ward. Sisi tukatia irabu mbili, moja kati ya «r» na «d» na nyingine mwishoni, tukapata waridi. Waarabu nao walilichukua katika lugha za kale za Uajemi, na kutokana na shina hilo hilo la kale Waajemi wa leo wanasema gul, neno ambalo huwezi kuliona kuwa ni ndugu ya ward mpaka uonyeshwe njia lilimopita. Hakuna anayepiga mstari mwekundu chini ya waridi na kuandika ward. Neno bustani pia ni la Kiajemi, kwa maana ya mahali penye harufu nzuri, na leo tunaita bustani hata shamba la mchicha lisilonukia kitu. Tumezoea, na mazoea ya lugha ni sheria. Asumini imekosa nini hata isipewe msamaha waliopewa waridi na bustani?

Kanuni ya ulimi

Wapo wanaodhani kwamba asumini ilitokea kwa bahati mbaya, mtu mmoja akakosea na wengine wakamfuata. Mwanafunzi wa fonolojia hawezi kuridhika na jibu hilo. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu. Neno la kigeni linapoingia na konsonanti mbili zilizobanana, ulimi wetu hutia irabu kati yake. Irabu hiyo haichaguliwi ovyo. Mara nyingi huwa ni «u» karibu na sauti za midomo kama «m» na «b», na huwa ni «i» kwingineko. Ndiyo maana ward ikawa waridi na rizq ikawa riziki, lakini hukm ikawa hukumu, ilm ikawa elimu na kitab ikawa kitabu.

Sasa tazama yanayotokea pale «s», au sauti iliyo jirani nayo, inapokutana na «m». Waarabu husema mismar. Sisi tukasema msumari. Waarabu husema Uthman. Sisi tukasema Athumani. Waarabu husema yasmin. Sisi tukasema asumini. Maneno matatu, njia moja. Anayetaka kuifuta asumini kwa sababu ya ile «u» ya kati, kwa haki afute na msumari, aende dukani akaombe kilo ya mismari, kisha amtake babu yake Athumani abadilishe jina.

Najua kuna atakayesema: mbona twasema rasmi na hatusemi rasumi? Namkubalia kwamba Kiswahili kimeziruhusu baadhi ya konsonanti zikae zimebanana. Lakini tazama maneno haya yanakaa wapi. Rasmi ni neno la barua na ofisi. Msumari ni neno la fundi, Athumani ni jina la mtoto anayeitwa mara mia kwa siku, na asumini ni neno la uani na la mkesha wa harusi. Neno linalopita vinywani mwa watu wengi kila siku hulainishwa kama kokoto la ufukweni. Ulaini huo ni alama ya umri wake katika lugha, si alama ya uchafu.

Na ile «y» ya mwanzo imekwenda wapi? Mimi naona jibu limo ndani ya sarufi yetu wenyewe. Ua hili ni nadra kutajwa moja. Huchumwa kwa mafungu na hutajwa kwa mafungu: maua ya yasmini, koja ya yasmini, harufu ya yasmini. Sema maneno hayo haraka na utasikia «ya» mbili zikigombana. Ulimi hupatanisha kwa kubakiza moja, na sikio la mtoto anayejifunza lugha huisikia hiyo moja kuwa ni kihusishi. Yaliyobaki ni asmini, ambayo nayo ipo na inatumika, na kwa kutiwa «u» ni asumini.

Kisha jina lilipewa uraia kamili, kwa maana lilikubali kuzaa. Ua ni asumini, mti wake ni mwasumini, na miti yake ni miasumini. Ni utaratibu ule ule wa karafuu na mkarafuu, waridi na mwaridi, rehani na mrehani, langilangi na mlangilangi. Hili la mwisho limetoka mbali zaidi, kwa Wafilipino wasemao ilang-ilang, na bado liliingia katika ngeli yetu bila ubishi. Hebu jaribu kuupata mti kutokana na yasmini. Utasema myasmini? Neno hilo likitoka kinywani hujikwaa mara mbili kabla ya kufika mwisho. Kamusi ya ulimi imeshaamua: mti ni mwasumini, na mwasumini haukuzaliwa na yasmini, umezaliwa na asumini.

Wala tusidhani kwamba wasomi wa dunia wanayaonea haya majina yetu kama tunavyoyaonea haya sisi. Kuna mti mwingine wa pwani ya Kenya na Tanzania wenye ua la kunukia sana, kilua, na mti wake ni mkilua. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipoupa mti huo jina la kisayansi, aliuita Mkilua fragrans. Jenasi nzima ya mimea inaitwa Mkilua, pamoja na ile «m» ya ngeli ya miti. Hakuitafutia Kilatini cha kuisafisha. Aliikuta imesafika.

Maana ya jina, na maana ya ua

Mara nyingi naona jina Yasmini likifasiriwa kuwa ni zawadi ya Mungu. Fasiri hiyo imeenea mno katika orodha za majina ya watoto, na wazazi huipenda, nami siwalaumu kwa kupenda. Lakini ndani ya jina hilo hamna kipande chenye maana ya zawadi, wala hamna kipande chenye maana ya Mungu. Mwajemi anayetaka kusema hivyo ana jina lake, Khodadad, yaani aliyetolewa na Mola. Mwarabu ana Atallah. Sisi tuna Zawadi. Yasmini ni jina la ua, na linataja ua.

Washairi wa Kiarabu wa kale walikuwa na fasiri yao, nayo ilikuwa ya kuhuzunisha. Walisikia mwanzoni mwa jina hilo neno ya's, yaani kukata tamaa, na kwa mchezo huo wa sauti wengine wakaona kwamba si vizuri kumpelekea mpenzi ua lenye kisirani. Huo ni utani wa washairi, na kila lugha ina wa kwake. Nautaja ili tuone jambo moja: kisirani hicho hakikuvuka bahari. Pwani ya Waswahili bibi arusi hupambwa kwa asumini, na kitanda chake hunyunyiziwa asumini. Kama jina letu lingekuwa ni lile lile la Kiarabu lililoharibika tu, lingekuja na mzigo wake wote. Halikuja nao. Liliuacha bandarini.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Ua hili tunaloambiwa tuliite yasmini kwa heshima ya Waarabu, Waarabu wengi hawaliiti hivyo. Huko Misri na Yemeni, Jasminum sambac huitwa full. Katika nyanda za Tihama huko Yemeni, makoja ya full huvaliwa harusini kama sisi tuvaavyo makoja ya asumini. Kwao yasmini ni jina la ndugu zake wengine, wenye maua membamba na mashina ya kutambaa. Hata jina sambac lililomo katika sayansi lilitokana na neno la Kiarabu zanbaq, ambalo zamani lilihusu mafuta ya ua hili na leo kwa wengi wao ni jina la yungiyungi. Linnaeus mwenyewe, mwaka 1753, aliliweka ua hilo katika jenasi aliyoiita Nyctanthes, yaani ua la usiku, na ni mwaka 1789 ndipo Aiton alipolihamishia katika jenasi ya Jasminum. Kwa hiyo anayesahihisha asumini kuwa yasmini akidhani analirudisha ua kwa wenyewe, ajue kwamba wenyewe hao wakiliona wanaweza kumwambia: hapana, hilo siyo.

Sasa basi, asumini maana yake nini? Maana yake ni yale ambayo watu wake huyafanya nayo. Asumini huchumwa alasiri ikiwa bado ni matumba, kwa sababu hufumbua usiku, na aliyeichelewesha hadi asubuhi huikuta imeanza kubadilika rangi. Huchumwa na kutungwa katika uzi, likawa koja la kuvaa shingoni au la kuzungushia nywele. Huchanganywa na rehani, mkadi na kilua, likafungwa fungu dogo liitwalo kikuba, likakaa kifuani pa mwanamke na kunukia kwa joto la mwili wake. Huwekwa kati ya nguo sandukuni. Yote haya yamo ndani ya neno asumini kama harufu ilivyomo ndani ya tumba. Neno yasmini, kwa msemaji wa leo, laweza kuwa ni manukato ya chupa, laweza kuwa ni chai, laweza kuwa ni jina la msichana. Si lazima linukie kikuba.

Nawaombeni pia mlitazame kwa makini lile tendo la kutunga. Asumini hutungwa. Shanga hutungwa. Samaki hutungwa katika ukuti. Na shairi hutungwa. Sisi tunaojiita watunzi tulichukua jina la kazi yetu kutoka mikononi mwa wanawake waliokaa mkekani na sindano na uzi, wakichagua tumba lililo sawa na mwenzake ili koja lisipinde. Waarabu nao waliona hivyo hivyo: neno lao la ushairi, nadhm, ni kutunga lulu katika uzi. Shaaban Robert aliliita mojawapo ya madiwani yake Koja la Lugha, na hakuhitaji kumweleza msomaji maana ya koja. Iwapo kuna ua moja ambalo mshairi wa Kiswahili ana wajibu wa kulijua kwa jina lake la nyumbani, ni hili.

Mizani haidanganyi

Sasa nifike penye maumivu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, alituwekea wazi yale ambayo malenga wa kale waliyajua kwa sikio: mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, nane kwa nane. Wapo wanaotunga nje ya sheria hiyo, nami sigombani nao hapa. Nazungumza na wanaotunga ndani yake, na hasa na wanaohariri tungo za wenzao.

Hesabu: a-su-mi-ni, mizani nne. Ya-smi-ni, mizani tatu. «S» ya katikati haina irabu, na haiwezi kusimama peke yake kama inavyosimama «m» katika mtu au «n» katika nchi. Tuseme mtunzi ameandika hivi, nami naubuni mshororo huu kwa ajili ya mfano tu:

Nitungie asumini, nivae nikitembea

Nane kwa nane. Mhariri anakuja na kalamu yake ya usafi:

Nitungie yasmini, nivae nikitembea

Kipande cha kwanza sasa kina saba. Kina cha kati hakikuguswa, bado ni «ni», na kwa hiyo anayetazama vina peke yake hataona kilichotokea. Lakini mwimbaji ataona. Akifika hapo sauti yake itatumbukia, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kukosa kidato kimoja. Afanyeje? Ataitia irabu mwenyewe ili mahadhi yasimkimbie, ataimba yasumini au yasimini, na hapo atakuwa amerudi kule kule alikofukuzwa mtunzi. Ulimi utaidai haki yake kwa mlango wa nyuma.

Huenda mhariri akajitetea kwamba pengo la mizani ni dogo, mtunzi angeweza kuongeza neno. Ni kweli, angeweza kusema nitungie tu yasmini. Lakini hapo tumemlazimisha mtunzi kutia kiraka katika nguo isiyokuwa na tundu. Shairi lilikuwa zima mpaka lilipotengenezwa. Nimewahi kusoma tungo za vijana ambamo mizani hupungua mahali pamoja tu katika ubeti mzima, na mahali penyewe ni penye neno lililosafishwa. Msomaji humcheka mtunzi kwamba hajui kuhesabu. Mtunzi alihesabu. Aliyehesabiwa sivyo ni yeye.

Mambo haya hayaishii katika karatasi za mashairi. Asumini ni jina la watu. Katika miaka yangu ya kufundisha nimekutana na wasichana kadhaa wenye jina hilo, wengi wakiwa wamerithi kwa bibi zao. Mmoja wao alijikuta na cheti cha kuzaliwa kinachosema Asumini na cheti cha kumaliza shule kinachosema Yasmini, kwa sababu mtu fulani aliyekuwa na kalamu na madaraka aliona vema amsahihishe. Alipotaka kuendelea na masomo aliambiwa kwamba hao ni watu wawili. Ilimbidi baba yake aape mbele ya wakili kwamba Asumini na Yasmini ni binti mmoja. Nilipomsikia akilieleza hilo kwa unyenyekevu, kana kwamba kosa ni la bibi yake aliyempa jina, ndipo nilipoona kwamba hili si suala la herufi. Ni suala la nani ana haki ya kuamua kwamba jina la mtu ni sahihi.

Pingamizi, na majibu yake

Nimesikia pingamizi tatu, na zote zastahili jibu.

La kwanza: tukiikubali asumini, tutazuia vipi zambi kwa dhambi na samani kwa thamani? Jibu ni kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Kiswahili sanifu kimezihifadhi sauti «dh» na «th» na kinazitumia kutenganisha maana. Samani ni vyombo vya nyumbani, thamani ni kima cha kitu. Anayezichanganya anabomoa ukuta uliopo. Anayesema asumini habomoi ukuta wowote, kwa kuwa hakuna neno jingine la Kiswahili ambalo asumini inaliingilia. Tena asumini haikuletwa na wageni wanaojifunza lugha. Ni matamshi ya wenyeji wa pwani, mafundi wa lugha, ambao ndio tunaowaendea tunapotaka kujua neno la kale lilitamkwaje.

La pili: lugha sanifu yahitaji umbo moja. Nakubali kwamba wingi wa maumbo unaweza kuchosha katika kitabu cha kiada. Lakini hata hapo, haki ingekuwa kulichagua umbo lenye mti wake, lenye silabi zake zilizo wazi, na lenye makoja yake. Na katika fasihi, umoja wa namna hiyo hauhitajiki kabisa. Washairi wetu tangu zamani wamefaidika kwa kuwa na maumbo mawili ya neno moja, refu na fupi, wakayatumia kulingana na mizani. Anayehitaji tatu atumie asmini au yasmini. Anayehitaji nne atumie asumini. Kwa nini tumpunguzie fundi vyombo?

La tatu, na ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini: kulikaribia Kiarabu ni heshima. Mimi nakiheshimu Kiarabu na deni letu kwake nalijua. Lakini heshima kwa mkopeshaji ni kukitumia vizuri alichokukopesha, siyo kukirudisha kila siku mlangoni kwake ukikiomba radhi. Waarabu wenyewe walipolichukua neno la Waajemi hawakuomba radhi. Walilitia katika vinywa vyao, wakalifanya lao, na hakuna anayewaita watumwa.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno asumini lilipewa jembe zamani. Limelima katika nyimbo za harusi, limelima katika taarabu, limelima katika majina ya mabibi zetu, na mavuno yake tumeyala. Haifai leo tuliulize pasipoti.

Ninaowaomba ni watu wa aina tatu. Wahariri: mkilikuta asumini ndani ya shairi, hesabuni kwanza, kisha iwekeni kalamu chini. Walimu: mwanafunzi akiandika asumini, msimpunguzie alama; mwonyesheni msumari na Athumani, naye atajifunza fonolojia nzuri kwa dakika tano. Na ninyi watunzi, hasa vijana ambao kila upendo wenu siku hizi ni waridi jekundu la kwenye kadi, likumbukeni na ua jeupe linalofumbua jioni nyuma ya nyumba. Lina silabi nne zilizo kamili, mbili kati yake zikiishia kwa «i», nalo litakaa vizuri katika kipande chochote mtakachoandika.